Ardhi chini ya ujenzi, madini na majanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa wanaojenga, wanaochimba, na wanaoishi kwenye miteremko au karibu na volkano. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kama nina mhandisi mzuri, jiolojia inanihusu nini?

Mhandisi huchagua saruji, nondo na unene wa nguzo. Ardhi haichagui, anaikuta ilivyo. Hesabu zake zote zinaishia kwenye udongo au mwamba ulioumbika zamani sana, wenye nyufa, tabaka laini, mapango na maji ambayo mtu aliyesimama juu hayaoni. Ndiyo maana majengo mawili ya ramani moja na fundi mmoja yanaweza kuishia tofauti kabisa: moja likadumu, jingine likapasuka kabla halijapakwa rangi mara ya pili.

Jiolojia inataka kujua chini kuna nini, kilifikaje hapo, na kitafanya nini kikiguswa. Hilo la katikati ndilo watu hulipuuza, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Ukishajua kwamba tambarare fulani ililetwa na tope la volkano, umeshajua mengi kuhusu kinachoweza kurudi (swali la 20).

2. Si mwamba ni imara na udongo ni dhaifu, basi?

Kipande cha granaiti ukikishika mkononi ni kigumu kuliko zege la kawaida. Lakini mlima haukujengwa kwa kipande kimoja. Una nyufa, na uimara wake hutegemea nyufa hizo ziko wapi, zimejaa nini, na zimelala kuelekea upande gani. Zikiinamia bondeni, mwamba mgumu sana unaweza kuteleza mzima mzima. Zikiinamia ndani ya mlima, mteremko ule ule unasimama kwa karne nyingi. Kwa upande mwingine, changarawe iliyoshindiliwa na mto wa kale inaweza kubeba jengo kubwa bila shida. Jina la jiwe peke yake halitoshi kukupa jibu.

3. Kwa nini kila jibu linaishia kwenye maji?

Kwa sababu maji ndiyo yanayoleta sehemu kubwa ya matatizo utakayosoma hapa chini, yakiongezeka, yakipungua au yakikosa njia.

Chembe za mchanga au vipande vya mwamba hushikiliana kwa sababu vimekandamizana. Maji yakijaa kwenye mianya iliyo kati yake na kukosa pa kutokea, yanabeba sehemu ya uzito uliokuwa ukizikandamiza chembe hizo. Uzito wa juu haujabadilika hata kidogo, ila msuguano umepungua, na kilichokuwa kimetulia kinaanza kusogea. Mhandisi Karl Terzaghi aliliweka jambo hili kwenye hesabu katika miaka ya 1920, na uhandisi wa udongo wa leo umesimama juu ya hesabu hiyo.

Ningeruhusiwa kuuliza jambo moja tu kuhusu kiwanja, ningeuliza maji yako kina gani wakati wa mvua nyingi na yanaelekea wapi.

4. Uchunguzi wa ardhi hufanywaje hasa?

Huanza bila kuchimba. Mwanajiolojia husoma ramani na picha za angani, kisha hutembea: anaangalia makorongo, kingo za barabara zilizokatwa, chemchemi, miti iliyopinda na kuta za nyumba za jirani. Siku moja ya kutembea na mtu anayejua kutazama inaweza kuonyesha wapi mashimo yachorongwe na wapi yasipotezewe fedha.

Kwenye udongo, kipimo kinachotumika zaidi ni SPT, yaani kuhesabu mapigo ya nyundo yanayohitajika kuzamisha bomba ardhini. Nyundo ya kilo 63.5 huinuliwa sentimita 76 na kuachwa ianguke juu ya fimbo yenye bomba la sampuli mwishoni. Mapigo ya sentimita 15 za kwanza hayatumiki, kwa sababu hapo udongo umeshavurugwa na uchorongaji. Yanayotumika ni mapigo ya sentimita 30 zinazofuata. Mapigo 3 yakitosha kuzamisha bomba, uko kwenye tope laini au mchanga uliolegea. Yakifika 50 na bomba halijamaliza sentimita hizo, umefika kwenye kitu kigumu. Kipimo hiki hakina makuu, na matokeo yake hutegemea sana uaminifu wa anayehesabu.

Kwenye mwamba hutolewa nguzo nyembamba za mawe, zikapangwa kwenye masanduku kwa mpangilio wa kina. Unapima vipande vyote vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi, unavijumlisha, kisha unagawanya kwa urefu wote uliochorongwa. Ukipata asilimia 90, mwamba ni mzima. Ukipata asilimia 20, umejaa nyufa. Mimi huangalia zaidi sehemu ya sanduku iliyo tupu, ambako mashine ilipita lakini haikutoa jiwe. Huko ndiko kwenye udongo laini au pango, na ndiko matatizo yanakotoka.

Shimo moja huonyesha pale lilipo tu. Na kina cha maji kipimwe zaidi ya mara moja, katika majira tofauti.

## Misingi, kuta na mahandaki

5. Jirani alijenga bila kuchunguza na nyumba yake ni salama. Kwa nini mimi nisifanye hivyo?

Kwa sababu ardhi hubadilika ndani ya mita chache. Kiwanja chake kinaweza kuwa juu ya changarawe na chako juu ya mkondo wa kale wa mto uliojaa tope, au juu ya shimo lililofukiwa na taka. Hatari kubwa zaidi ni nyumba moja kukaa nusu juu ya mwamba na nusu juu ya udongo uliojazwa. Udongo uliojazwa utazama, mwamba hautazama, na ukuta utapasuka pale vinapokutana.

Mnara wa Pisa ndio mfano unaojulikana kuliko yote. Ujenzi ulianza mwaka 1173 juu ya udongo laini wa mfinyanzi na mchanga, na mnara ukaanza kuegemea upande mmoja ukiwa bado mfupi. Vita vilisimamisha kazi kwa karibu karne moja. Katika muda huo udongo uliendelea kubanwa na kutoa maji, ukapata nguvu. Kama ujenzi ungeendelea moja kwa moja, inaaminika mnara ungeanguka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahandisi waliunyoosha kidogo kwa kutoa udongo taratibu chini ya upande ulioinuka.

6. Kuta zangu hupasuka kiangazi na nyufa hujifunga mvua zikinyesha. Msingi umeharibika?

Inawezekana msingi ni mzima na unachofanya ni kubebwa juu na chini. Dalili hiyo ni ya udongo mfinyanzi unaopanuka, mara nyingi mweusi, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Chembe zake hunyonya maji na kuvimba, kisha hunywea zikikauka. Nyumba nyepesi huumia zaidi, kwa sababu haina uzito wa kuuzuia udongo unapovimba.

Kuziba nyufa kwa plasta ni kupoteza fedha mwaka hadi mwaka. Dawa ni kuufanya unyevu chini ya nyumba usibadilike: elekeza maji ya paa mbali, jenga sakafu pana kuzunguka kuta, usipande miti mikubwa karibu, na rekebisha bomba linalovuja siku unapoligundua. Kwa nyumba mpya, ondoa tabaka hilo kama ni jembamba, peleka nguzo chini yake kama ni nene, au changanya udongo na chokaa.

7. Kwa nini mahandaki huchelewa na kuzidi bajeti kila mara?

Handaki ndilo jengo ambalo ardhi ndiyo malighafi yake, na malighafi hiyo huwezi kuikagua yote kabla. Handaki la reli la Gotthard nchini Uswisi, lenye urefu wa kilomita 57 na lililofunguliwa mwaka 2016, linapita chini ya miamba yenye unene wa hadi mita 2,300 hivi, ambako joto la jiwe hufika nyuzi 45. Sehemu moja ya mwamba wake ilikuwa inajibana kuelekea ndani, kwa hiyo waliweka matao ya chuma yenye viungio vinavyoteleza, ili yakubali kusogezwa bila kuvunjika. Sehemu nyingine, Piora, ilihofiwa kuwa na dolomiti, mwamba wa jamii ya chokaa, iliyolegea kama sukari na kujaa maji. Walichoronga kutoka mbali mapema, wakagundua kwamba kwenye kina cha handaki ilikuwa kavu na ngumu. Hofu ya miaka mingi iliondolewa na mashimo machache yaliyopangwa vizuri.

## Mabwawa

8. Ukuta wa bwawa ukiwa na zege imara, unawezaje kubomoka?

Ukuta hausimami peke yake. Umeshikwa na bonde, yaani chini na pande mbili, na maji hutafuta sehemu dhaifu kuliko zote katika hizo tatu.

Bwawa la St. Francis, California, lilibomoka usiku wa tarehe 12 Machi 1928 na kuua zaidi ya watu 400. Upande wa magharibi lilikaa juu ya mwamba mwekundu uliounganika kwa mfinyanzi na jasi. Mwamba huo ukiwa mkavu ulionekana imara. Baada ya janga wachunguzi walichukua kipande, wakakitumbukiza kwenye glasi ya maji, na kikamomonyoka mbele ya macho yao hadi kikabaki mchanga na tope. Kipimo hicho hakihitaji maabara, na kingeweza kufanywa kabla ya kumwaga zege. Upande wa mashariki, ambako uchunguzi wa baadaye unaonyesha ndiko bwawa lilikoanza kushindwa, ukuta uliegemea maporomoko ya kale ambayo hakuna aliyeyatambua.

Malpasset, Ufaransa, lilikuwa tao jembamba la zege safi. Tarehe 2 Desemba 1959 maji yaliyopenya kwenye nyufa za mwamba upande wa kushoto yalisukuma kipande kizima cha mlima, na watu 423 wakafa. Bwawa la Teton, Idaho, lilijengwa kwa udongo laini unaochukulika kwa urahisi, juu ya mwamba wa volkano uliojaa nyufa. Lilikuwa linajazwa kwa mara ya kwanza tarehe 5 Juni 1976 maji yalipopata njia kwenye nyufa hizo, yakabeba udongo kutoka ndani, na bwawa likaondoka katika saa chache.

9. Nimesikia bwawa la Vajont halikubomoka. Watu walikufaje?

Ni kweli, ukuta huo wa mita 262 kaskazini mwa Italia bado umesimama. Kilichoanguka ni mlima. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, karibu mita za ujazo milioni 270 za mlima Toc ziliteleza ndani ya ziwa, na wimbi likaruka juu ya ukuta na kufagia mji wa Longarone na vijiji vya jirani. Walikufa watu wapatao 2,000.

Mlima huo ulikuwa na tabaka nyembamba za mfinyanzi kati ya mawe chokaa, zikiinamia ziwani. Kina cha maji kilipopanda, mteremko ulisogea. Kiliposhushwa, ulipunguza mwendo. Wasimamizi waliamini wangeweza kuudhibiti mwendo huo kwa kupandisha na kushusha maji. Mwanajiolojia Edoardo Semenza alikuwa ameshatambua kwamba pale palikuwa na maporomoko makubwa ya kale. Kwangu mimi hili ndilo somo zito kuliko yote katika ukurasa huu: kuchunguza ukuta na bonde hakutoshi kama kingo za ziwa lote hazijachunguzwa.

10. Je, bwawa linaweza kujengwa juu ya jasi au mawe chokaa?

Juu ya chokaa inawezekana, kwa uchunguzi wa mapango na kazi kubwa ya kuziba nyufa kwa saruji inayosukumwa chini. Jasi ni mbaya zaidi kwa sababu huyeyuka haraka kuliko chokaa. Bwawa la Mosul nchini Iraki limekaa juu ya tabaka za jasi, na tangu lianze kujazwa katikati ya miaka ya 1980 limehitaji kusukumiwa saruji kwenye msingi karibu bila kukoma. Kazi ikiachwa, mapango huendelea kukua. Nchi inayojenga mahali kama hapo inajifunga kugharimia matengenezo hata wakati wa vita.

## Maji, madini na nishati

11. Kwa nini dhahabu au shaba iko kwao na haipo kwetu?

Metali hizi zimo karibu kila mahali, kwa kiasi kisicho na maana. Katika ganda la dunia shaba ni takriban sehemu 60 kwa milioni, ilhali mgodi mkubwa wa leo huhitaji karibu nusu asilimia ili ulipe. Lazima asili iwe imeikusanya mara mia hivi, na mara nyingi mkusanyaji ni maji ya moto. Yanapita kwenye miamba iliyo karibu na magma, yanayeyusha metali, kisha yakipoa au kuchemka kwenye nyufa yanaziacha hapo. Ndiyo maana shaba nyingi ya Andes iko juu ya mahali ambapo bamba la bahari, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linazama chini ya bara, na dhahabu nyingi hukaa kwenye mishipa ya mawe meupe ya kwatsi. Mto ukishaumomonyoa mshipa huo, dhahabu nzito hutulia pale mkondo unapopungua kasi.

12. Kisima kirefu hutoa maji salama, sivyo?

Huwa salama zaidi dhidi ya vijidudu. Dhidi ya mwamba wenyewe hakuna uhakika.

Bangladesh ilichimbiwa mamilioni ya visima vya pampu ili watu waache maji machafu ya juu. Baadaye, katika miaka ya 1990, ikafahamika kwamba mashapo ya mito yaliyoko kwenye kina kifupi yana aseniki inayoingia kwenye maji pale ambapo hewa imekwisha ardhini. Maji hayo ni angavu, hayana harufu wala ladha ngeni. Huko visima virefu zaidi mara nyingi ndivyo vilivyo salama. Katika maeneo ya volkano kama Bonde la Ufa tatizo kuu huwa floraidi, inayoharibu meno na, ikizidi, mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 10 za aseniki na miligramu 1.5 za floraidi kwa lita.

Kuchemsha hakuondoi chochote kati ya hivi viwili. Maji yakipungua kwenye sufuria, sumu hubaki. Kisima kipya kipimwe madini kabla mtu hajanywa.

13. Je, ni kweli ardhi huzama maji yakivutwa sana?

Ni kweli, na kuna picha maarufu inayoonyesha. Mtaalamu Joseph Poland amesimama kando ya nguzo katika bonde la San Joaquin, California. Karibu na miguu yake kuna kibao cha mwaka 1977. Juu yake, mbali kuliko anavyoweza kufikia, kuna kibao cha 1955, na karibu na kilele kipo cha 1925, kila kimoja kikionyesha usawa wa ardhi ulivyokuwa mwaka huo. Tofauti ya juu na chini ni karibu mita 9.

Sababu ni ile ya swali la 3, safari hii kinyume. Maji yakiondolewa, chembe za mfinyanzi hubeba uzito wote na kubanana, na nyingi haziachani tena hata maji yakirudi. Mji wa Mexico unaendelea kuzama kwa namna hiyo. Tokyo ilizama pia, kisha ikadhibiti uvutaji wa maji na mzamo ukapungua sana.

14. Mchanga wa mto si huletwa tena na mvua?

Huletwa, kwa kasi ya mto na si kwa kasi ya malori. Ukichotwa kuliko unavyoletwa, sakafu ya mto hushuka, kingo humeguka, visima vya jirani hukauka na nguzo za madaraja hubaki wazi. Daraja la Hintze Ribeiro nchini Ureno lilianguka tarehe 4 Machi 2001 baada ya msingi wa nguzo kumomonyoka, na uchimbaji mchanga wa miaka mingi ulichangia. Watu 59 walikufa. Mchanga wa jangwani, ingawa ni mwingi, mara nyingi haufai kwa zege, kwani upepo umeufanya uwe laini na wa mviringo.

15. Kwa nini mabwawa ya tope la migodi hupasuka?

Yanaongezwa kimo mwaka hadi mwaka kadiri mgodi unavyokua, wakati mwingine juu ya tope lenyewe. Huko Brumadinho, Brazili, Januari 2019, tope lililoshiba maji lilipoteza nguvu ghafla na watu 270 wakafa. Mount Polley, Kanada, mwaka 2014, sababu ilikuwa chini zaidi: tabaka la mfinyanzi ulioachwa na ziwa la enzi za barafu, ambalo uchunguzi wa awali haukulitambua ipasavyo. Tazama pia swali la 8, kwani kanuni ni zile zile.

16. Jotoardhi linaweza kuzalisha umeme popote?

Joto lipo popote. Kwa kawaida huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka. Lakini mtambo wa umeme unahitaji joto kubwa kwenye kina kinachofikika, maji, na mwamba wenye nyufa za kuyapitisha. Mambo hayo hukutana zaidi kwenye mipaka ya mabamba na kwenye mabonde ya ufa: Iceland, Indonesia, Ufilipino, Olkaria nchini Kenya, na Larderello nchini Italia ambako taa za kwanza ziliwashwa kwa mvuke wa ardhini mwaka 1904. Kwingine joto hilo hutosha kupasha nyumba.

## Majanga

17. Kuna anayeweza kutabiri tetemeko la ardhi?

Kwa siku na saa, hakuna. Anayetangaza tarehe anakudanganya, hata kama ana mashine. Mwaka 1975 mji wa Haicheng, Uchina, ulihamishwa kwa sehemu kabla ya tetemeko kubwa, hasa kwa sababu ya mitikisiko midogo mingi iliyotangulia. Mwaka uliofuata Tangshan ilipigwa bila dalili kama hizo, na watu zaidi ya 240,000 wakafa.

Kinachowezekana ni kujua mahali na uwezekano kwa miaka mingi ijayo, na hicho ndicho kanuni za ujenzi hutumia. Pia kuna tahadhari ya sekunde. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko huenda haraka lakini ni mapole, na yenye kuharibu huja nyuma. Vyombo vilivyo karibu na chanzo vikinasa ya kwanza, vinaweza kusimamisha treni na kufungua milango ya lifti kabla ya ya pili kufika. Japani na Mexico wanafanya hivyo.

18. Kwa nini mji ulio mbali na tetemeko huharibika kuliko ulio karibu?

Kwa sababu ya udongo ulioko chini yake. Tetemeko la tarehe 19 Septemba 1985 lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji wa Mexico. Sehemu ya mji huo imejengwa juu ya ziwa la kale lililojaa mfinyanzi laini. Mfinyanzi huo ulikuza mawimbi yenye mwendo wa polepole, kama ya sekunde mbili kwenda na kurudi. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15 yalikuwa na mwendo unaokaribiana na huo, yakasukumwa kila mara kwa wakati wake, kama bembea. Nyumba fupi za jirani zilisalimika, na majengo kwenye vilima vya mwamba hayakupata madhara makubwa.

Mchanga uliolegea na kujaa maji una hatari yake. Ukitikiswa, chembe hujaribu kubanana, maji hayana muda wa kutoka, na udongo hugeuka kimiminika kwa dakika chache. Huko Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu bila kuvunjika, na baadhi ya wakazi walitoka kwa kutembea juu ya kuta. Zege lilifanya kazi yake yote, ila ardhi iliondoka chini yake. Dawa ni kushindilia mchanga, kuweka mifereji ya wima ya kutolea maji, au kupeleka nguzo hadi tabaka imara.

19. Ninaishi kwenye mteremko. Niangalie nini?

Nyufa zilizopinda kwenye ardhi juu ya nyumba, na kama zinapanuka. Milango iliyoanza kugoma. Miti au nguzo za umeme zilizoinama kuelekea upande mmoja. Chemchemi mpya, au ya zamani iliyogeuka tope. Na umbo la mahali: mteremko uliobonyea juu na kuvimba chini huenda ulishawahi kuporomoka, na palipoporomoka mara moja panaweza kuporomoka tena. Oso, katika jimbo la Washington, paliporomoka mwaka 2006, na tarehe 22 Machi 2014 mahali hapo hapo pakaua watu 43.

Kukata chini ya mteremko ili kupata kiwanja, kumwaga udongo juu yake, na kuachia maji ya choo na paa yazame humo ni makosa matatu yanayofanywa na watu wenyewe. Waliochimba Mfereji wa Panama walipata tabu hiyo pale Culebra: kila walipokata zaidi, miteremko iliwarudia, hadi wakalazimika kuilaza sana kuliko walivyopanga. Ukiona nyufa zinapanuka wakati wa mvua kubwa, ondokeni kwanza, mchunguze baadaye.

20. Volkano inaua kwa lava?

Lava kwa kawaida huua wachache, kwani mara nyingi mtu anaweza kuikwepa. Wauaji wakubwa ni mawingu ya moto ya majivu na gesi yanayoshuka mlimani, na tope la majivu na maji linalofuata mito.

Tarehe 13 Novemba 1985 mlipuko usio mkubwa wa Nevado del Ruiz, Kolombia, uliyeyusha sehemu ya barafu ya kileleni. Saa chache baadaye tope lilifika mji wa Armero na kuua takriban watu 23,000 katika eneo hilo. Ramani ya hatari iliyotolewa wiki chache kabla ilionyesha mji huo kwenye njia ya tope, na ardhi ya Armero yenyewe ilikuwa imeletwa na tope la aina hiyo, la mwisho likiwa la mwaka 1845. Mlima ulikuwa mbali kwa zaidi ya kilomita 40, lakini mwinuko ulio karibu na mji ulifikika kwa miguu.

Pinatubo nchini Ufilipino, Juni 1991, ulikuwa mlipuko mkubwa zaidi kwa mbali. Wanasayansi walisoma mitikisiko na gesi, serikali ikawasikiliza, na makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa kabla. Tofauti ya milima hii miwili ni kama onyo lilifika kwa mwenye mamlaka ya kusema "ondokeni" na akalisema.

## Maswali yasiyo ya kawaida

21. Binadamu wanaweza kusababisha tetemeko?

Ndiyo. Karibu na Denver, katika miaka ya 1960, maji machafu yalisukumwa kwenye kisima cha kina cha zaidi ya kilomita 3, na matetemeko yakaanza mahali ambapo hayakuwa ya kawaida. Oklahoma ilipata la ukubwa wa 5.8 mwaka 2016 kwa sababu kama hiyo: maji yanapenya kwenye mpasuko wa zamani na kupunguza msuguano wake. Ziwa jipya la bwawa linaweza kufanya hivyo pia, kama inavyodhaniwa kwa Koyna, India, mwaka 1967. Groningen, Uholanzi, ilikuwa kinyume: kutoa gesi kulibana mwamba, tetemeko la 3.6 mwaka 2012 likaharibu nyumba nyingi kwa kuwa lilikuwa karibu na uso, na mwaka 2023 uchimbaji ukasimamishwa.

22. Kama hakuna kumbukumbu ya janga, eneo ni salama?

Kumbukumbu za watu ni fupi. Kaskazini-magharibi mwa Marekani hakukuwa na maandishi ya tetemeko kubwa la pwani, lakini kulikuwa na misitu ya mierezi iliyokufa imesimama kwenye matope ya bahari, na juu ya udongo wake tabaka la mchanga ulioletwa na wimbi. Pete za miti zilionyesha majira ya baridi kati ya 1699 na 1700. Nchini Japani kumbukumbu za wimbi lililofika bila tetemeko zikatoa tarehe: 26 Januari 1700. Katika tambarare ya Sendai, mchanga wa wimbi la mwaka 869 ulikuwa umesomwa na wanajiolojia kabla ya tsunami ya Machi 2011 kufika mbali bara vivyo hivyo.

23. Je, ardhi tambarare inaweza kuporomoka?

Inaweza, kwenye mfinyanzi wa bahari ya kale ulioinuliwa juu ya maji. Chumvi ndiyo iliyokuwa ikishikilia chembe zake. Mvua na maji ya ardhini huiosha kwa maelfu ya miaka, na udongo hubaki umesimama kwa mazoea tu, ukivurugwa, unatiririka. Huko Rissa, Norwei, tarehe 29 Aprili 1978, udongo uliochimbwa kwa ajili ya ghala la shamba ulirundikwa kando ya ziwa. Ukingo ukameguka, na mmeguko ukarudi nyuma shamba baada ya shamba hadi mita za ujazo milioni kadhaa zikawa zimekwenda, na nyumba zikielea juu yake. Tukio hilo lilirekodiwa kwenye filamu. Katika maeneo ya namna hii hata rundo dogo la udongo huhitaji kuulizwa kwanza.

24. Ziwa linaweza kuua bila mafuriko?

Ziwa Nyos, Kameruni, liko juu ya volkano inayopenyeza hewa ukaa kwenye maji ya chini. Tarehe 21 Agosti 1986 gesi hiyo ilifumka, ikatiririka mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa, na kuua watu wapatao 1,700 na mifugo yao. Tangu 2001 mabomba ya wima yamewekwa: maji ya chini yakianza kupanda, gesi hujitenga na kuyasukuma yenyewe juu kama chemchemi, kwa hiyo pampu huhitajika mwanzoni tu. Ziwa Kivu, lililo kubwa zaidi kwa mbali, lina hewa ukaa na methani. Huko maji hutolewa kutoka kina kirefu, methani ikatenganishwa kwa ajili ya umeme, na maji yaliyobaki hurudishwa kwenye kina kilichopangwa ili tabaka za ziwa zisivurugike.